Upande wa Miguu ya Mama

Siipendi harufu ya marashi ya waridi. Kwenye harusi, wenzangu wakinyunyiziwa hufumba macho na kutabasamu. Mimi huinama nikajifanya nafunga kiatu mpaka mwenye mrashi apite. Nimeshaitwa mwenye maringo kwa sababu hiyo, na sijawahi kujisumbua kueleza. Basi fikirieni nilivyojisikia mwaka jana, nimekaa kwenye benchi ndani ya hekalu la Wabahai kule Kampala, kimya kimetanda, mara mama mmoja akaja kukaa mbele yangu na mtandio wake ukaachia harufu ile ile.

Nilikuwa nimekwenda Kampala kwa warsha ya kazini. Mchana tulioachiwa kupumzika wenzangu waliingia madukani kutafuta vitenge, mimi nikakodi bodaboda. "Wewe Mwislamu mzima unakwenda kufanya nini kwa Wabahai?" aliniuliza mmoja wao. Nikamjibu nakwenda kupiga picha. Sikupiga hata moja.

Hekalu lenyewe liko juu ya kilima, na kuba lake la kijani unaliona kabla hujafika. Halina mbele wala nyuma. Lina milango tisa kuzunguka pande zote, kwa hiyo popote utakaposimama kuna mlango unakutazama. Ndani hakuna sanamu, hakuna mimbari, hakuna kapu la sadaka. Kuna mabenchi, na mwanga unaopita kwenye vioo vya rangi. Nililizunguka kwanza, kisha nikamuuliza binti aliyekuwa akipokea wageni, "Naingilia mlango upi?"

"Wowote tu, mama," akanijibu, tena kwa mshangao kidogo.

Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kwetu Bigwa, mlimani Morogoro, swali la mlango upi lilimsumbua mama yangu mpaka siku alipotolewa ndani amebebwa.

Picha ya jumba hilo ilikuwa ukutani kwetu utoto wangu wote. Ilikuwa kalenda ya zamani. Miezi ilishachanwa kuwashia moto, ikabaki picha peke yake. Mama aliibandika kwenye ukuta wa kaskazini, ule unaotazama bonde. Nyumba yetu iliupa mlima mgongo. Ukisimama kibarazani, kushoto kwako ni mji wa Morogoro na soko lake, kulia ni Kingolwira na mashamba ya magereza, na mbele ni bonde linalokwenda mpaka likamezwa na ukungu. Mama alisali akielekea huko mbele. Mjomba Seif, kaka yake, aliyekaa nyumba ya juu yetu kidogo, naye aliswali akielekea huko huko. Kwa akili yangu ya kitoto nikapata jibu: wote wanaliangalia jumba la kwenye kalenda, na jumba lenyewe liko pale ukungu unapoanzia. Baba alikuwa akilima mpunga Dakawa, upande huo huo, kwa hiyo siku moja alipokuja nilimuuliza kama huwa analipita njiani.

"Nalipita sana," Baba akasema huku anacheka. "Ila huwa nalikuta limefungwa."

Nikaenda kumsemea kwa Mama. Mama hakucheka. Alisema lile halifungwi, na Baba aache kumdanganya mtoto.

Milango ya jumba lile nilishaigawa zamani. Mmoja niliwapa Mjomba na Waislamu wa msikiti wetu, mmoja niliwapa Baba na Wakatoliki wa huko juu misheni alikozaliwa, mmoja nikawapa Mama na Bi Tabu, maana hao ndio Wabahai pekee niliowafahamu. Iliyobaki niliwawekea wageni.

Habari ya dini ya Mama ilianza kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa Mwislamu, Baba Mkatoliki, na walipopendana padri alitaka Mama abatizwe kwanza, shehe akataka Baba asilimu kwanza, na kila upande ulikuwa na bibi wa kulia machozi. Wakaishi hivyo hivyo. Mimi nikazaliwa, na watoto wenzangu wakaniita mwanaharamu siku nyingi kabla sijajua maana yake. Nilidhani ni jina la utani tu, nikawa naitika. Kisha Mama akafahamiana na Bi Tabu, muuza dagaa aliyepanga biashara yake pembeni ya mboga za Mama sokoni. Kwa Bi Tabu aliambiwa kwamba Mungu ni mmoja, dini zote ni zake, na kwamba yeye na mumewe wanaweza kuoana bila mmoja kumkana mama yake. Walifunga ndoa sebuleni kwa Bi Tabu. Baba alibaki Mkatoliki, Mama akawa Mbahai, na mtaani wakasema Asha amerogwa.

Mama hakuwa msomaji. Dini yake aliibeba kwenye maneno machache, na alilolipenda kuliko yote lilikuwa haki. Hakuwa na maana ya haki ya mahakamani. Kwake haki ilikuwa kuona kwa macho yako, kutoazima ya mtu mwingine. Kuna siku mtetea wa jirani alipotea. Mtaani kwetu alikuwa amehamia bwana mmoja aliyemaliza kifungo chake Kingolwira akaoa huku huku, na kabla jua halijapanda kila mtu alishajua nani kala kuku. Mama akatoka na mwiko wake mkononi.

"Nani ameona?" akauliza.

"Asha nawe, hilo nalo la kuuliza? Si yule mfungwa."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza nani ameona."

Wakamwona mkorofi. Baadaye mtetea alitoka vichakani na vifaranga nyuma yake, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi yule bwana. Mama alimpelekea mkungu wa ndizi. Mimi nikaubeba, unaniuma kichwani, nikinung'unika kwamba si sisi tuliomsingizia.

Ugonjwa wake ulikuwa wa figo, na ulimwanzia miguuni. Wenye umri wangu mliokulia Bigwa mnawakumbuka wanawake waliokuwa wakishuka mlimani alfajiri na njegere na karoti. Mama aliwapokea barabarani, akanunua, akapanga mzigo kwenye tenga, akajitwisha na kutembea nao mpaka sokoni, jua likamkuta huko, akarudi kwa miguu. Alipoanza kuvimba, kidole changu nikikibonyeza kwenye mguu wake kilikuwa kinaacha shimo. Mimi niliona ni mchezo. Yeye alinitazama nikibonyeza, akasema, "Hii miguu imechoka na njia ya sokoni, mwanangu." Nikaamini kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Nikaamini ile njia ndiyo iliyomuumiza, na kwamba akiiacha atapona.

Akaiacha, hakupona. Jioni alitolewa nje na kukalishwa kibarazani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele kuelekea bondeni. Alikuwa hivyo siku Mjomba Seif alipokuja na uji wa ulezi aliopikiwa na mkewe.

"Kaka Seif," Mama akasema, "nikifa usinigeuzegeuze. Nilaze hivi hivi nilivyokaa. Kichwa mlimani, miguu kule."

"Acha maneno hayo, Asha. Kunywa uji."

"Na Bi Tabu ndiye aniogeshe, anisomee na sala yetu. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa."

Mjomba alikoroga uji ambao ulishakorogwa. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, nikageuka kutazama alikoelekeza nyayo zake, nikaona ukungu, nikaelewa kila kitu: Mama akifa atapumzika kidogo, kisha atasimama na kwenda zake moja kwa moja kwenye lile jumba. Wala hatahitaji kupita sokoni.

Alikufa asubuhi. Wanawake walinitoa chumbani na kunipeleka jikoni, na jikoni kwetu palikuwa na ukuta wa mafito, kila lililosemwa uani nililisikia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno ni mjomba. Baba alifika mchana kutoka Dakawa, vumbi mpaka kwenye kope, akakaribishwa jamvini vizuri sana, akapewa maji. Kisha wakaendelea na kikao kama vile hayupo. Hata apendwe vipi, kwenye kikao cha ukoo wetu yeye ni mgeni.

Nilimsikia akijaribu. "Shemeji, marehemu aliacha maneno."

"Marehemu alizaliwa Mwislamu na atazikwa Kiislamu," Mjomba akasema. "Hayo mengine alikuwa anajifurahisha tu. Na mimi nimeshaletewa ujumbe kutoka msikitini. Wanasema kama ni wa kwao, waitwe. Kama si wa kwao, tusiwaite. Sasa niambieni, nani atachimba? Nani atabeba? Mimi na Bi Tabu?"

Bi Tabu mwenyewe alikuwa ameshafika, amesimama kando na kifurushi chake cha kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na chupa ya marashi ya waridi na pete ndogo yenye maandishi, ambayo Wabahai humvisha maiti wao kidoleni. "Sikuja kugombana, kaka Seif," akasema. "Nimekuja kumuosha mwenzangu." Wanawake waliokuwa wakiosha wakamzuia mlangoni. Mmoja wao, bibi mtu mzima, alimwonea huruma akaichukua ile chupa, kwa sababu marashi hata Waislamu hutumia. Marashi yaliingia, pete ikabaki nje. Harufu ilifika mpaka jikoni nilipokuwa, na tangu siku hiyo haijawahi kuwa nzuri kwangu.

Nilipoona hakuna anayeniangalia, nikatoka kwenda juu, nyuma ya migomba ya Mjomba, kwenye makaburi ya ukoo. Vijana walishachimba mpaka kiunoni. Nikaona kaburi limekatwa kufuata ubavu wa mlima, kutoka upande wa Kingolwira kwenda upande wa mjini. Leo naelewa: Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla, na kwetu kibla ni kule bondeni. Mbahai naye hunyooshwa miguu kuelekea kibla chake, ambacho kwetu kinaangukia upande huo huo. Wote walikuwa wanamgeuzia kaskazini, tofauti ilikuwa uso au miguu. Siku ile sikuyajua hayo. Niliona jambo moja tu, kwamba miguu ya Mama inaelekezwa sokoni.

Pembeni ya udongo alikuwa amekaa Mzee Maganga. Alikuwa Mnyamwezi aliyelowea Bigwa tangu ujana wake, na kwa sisi Waluguru Mnyamwezi ni mtani. Msiba wetu bila yeye haukuwa msiba. Kazi ya mtani mnaijua: wengine wakilia yeye anatania, anavaa nguo za marehemu, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu.

"Babu Maganga, shikamoo."

"Marahaba, Mluguru wangu."

"Kaburi limekaa vibaya."

"Vibaya vipi tena?"

"Hivi miguu itakwenda sokoni. Mama amechoka na njia ya sokoni. Alimwambia Mjomba miguu iangalie kule, kwenye jumba."

Mzee Maganga akalitazama kaburi, akatazama bonde, akanitazama mimi. Nilizoea kila nikisema neno anipachike jina au anivute sikio. Siku hiyo hakutania.

"Alimwambia Seif mwenyewe?"

"Nilikuwepo."

"Basi nitalisema," akasema. "Leo mwenye ruhusa ya kusema ni mimi tu."

Alasiri walimpandisha. Wanawake walibaki nyumbani, mimi nikajificha kwenye migomba. Watu walikuwa wengi, kofia nyeupe mpaka chini kwenye njia. Jeneza lilipotuliwa, Mzee Maganga akajitupa kaburini na kulala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Nyie Waluguru hata kuzika hamjui, mmechimba tuta la muhogo! Mwenyewe kasema miguu kule bondeni, nyie mnampeleka sokoni! Mwacheni, amestaafu huyu! Mwanawe analia huko, anasema mama yake amechoka na njia ya sokoni! Seif! Seif wee! Ulimsikia hukumsikia?"

Wakacheka. Walicheka kicheko kile cha msibani, cha watu waliobanwa na machozi tangu asubuhi wakapata upenyo. Shehe alitabasamu na kutazama chini. Nilimwona Mjomba anafungua mdomo, anauacha wazi, kisha naye akacheka. Akavua kofia yake na kumrushia Mzee Maganga, ndiyo fidia ya kumtoa. Baba alisimama nyuma kabisa, na yeye peke yake hakucheka, lakini mgeni akinyamaza nani atamsikia?

Sikungoja kuona zaidi. Kwa mtoto, watu wazima wakicheka wote kwa pamoja maana yake wamekubaliana. Nikateremka mbio mpaka kwa Bi Tabu. Alikuwa amesimama chini ya upenu wa nyumba yetu, amegeukia bondeni, peke yake, anasoma sala ya maiti kwa sauti ndogo. Nikamkumbatia magoti.

"Wamekubali!" nikamwambia. "Babu Maganga amewaambia na wamekubali!"

Bi Tabu akaniwekea mkono kichwani na kuendelea kusoma. Alinivutia ubavuni kwake, nikadhani ni kwa furaha.

Asubuhi yake nilikwenda na maua ya mjohoro. Tuta lilikuwa limelala vile vile, ubavuni mwa mlima, jiwe la kichwa upande wa Kingolwira, jiwe la miguu upande wa mjini. Nilizunguka nikiamini nimekosea upande. Mwisho nikalala chini kando ya tuta, kichwa mlimani, miguu bondeni, ili Mama aone inavyotakiwa kuwa na ajigeuze mwenyewe kabla udongo haujakauka. Baba ndiye aliyenikuta hapo. Alinifuta udongo nywelani.

"Walicheka, Baba," nikasema. "Nilisikia."

"Na mimi nilisikia," akasema.

Baba alirudi Dakawa baada ya arobaini, nami kwa mila nikabaki kwa Mjomba. Sitamsema vibaya kwa nisiloliona. Alinilea pamoja na wanawe na sikuwahi kula mabaki. Alinilipia shule mpaka nikamaliza, na chuoni nilihitimu Qurani kabla ya Hamisi, mwanawe mkubwa. Kalenda ilitolewa ukutani nyumba ilipopakwa chokaa. Bi Tabu alihamia Tanga kwa binti yake, na ile pete sijui iliishia wapi. Kwa miaka mingi nilimchukia yeye kuliko Mjomba. Nilijiuliza ni haki gani hiyo inayosimama chini ya upenu na kusoma kwa sauti ndogo. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uvumilivu au woga, na sitaki kuazima macho ya mtu kuamua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye benchi kule Kampala. Nilitazama milango ile, yote iko wazi, upepo unaingia huku unatokea kule, nikapandwa na hasira ambayo haifai mahali pa sala. Ni rahisi kuwa na haki kwenye jumba zuri juu ya kilima, nyasi zimekatwa, hakuna anayesukumana. Haki ya dini yoyote mimi naitafuta uani, maiti iko ndani, jua linazama na ujumbe umeletwa kutoka msikitini au kanisani. Hapo ndipo mama yangu alipoihitaji. Yule mama mwenye mtandio akageuka kunitazama, nadhani nilikuwa nalia kwa sauti. Nikatoka kwa mlango uliokuwa karibu.

Miezi michache baadaye Mjomba akaniita. Alikuwa amelala kwenye kitanda alichokuwa akikitoa nje kuota jua, amebaki mifupa na macho. Aliwatoa wote chumbani.

"Siku ile Maganga alipoingia kaburini," akasema, "nilicheka."

"Najua, Mjomba. Nilikuona."

"Nilishafungua mdomo niwaambie wachimbe upya. Wallahi nilishafungua. Nikaangalia, watu walikuwa wengi. Nikacheka."

Kulikuwa na kuku wanaparuza nje ya dirisha. Nikawasikiliza hao.

"Na mimi watu watakuwa wengi," akaendelea. "Hamisi ameokoka, unajua. Anataka nikifa anipeleke Dar, wakanizike na kwaya yao. Mimi ni Mwislamu. Nataka kuzikwa hapa, nyuma ya migomba, karibu na mama yako. Wewe ndiye uliyebaki mkubwa wa tumbo letu. Wewe ndiye utakayeulizwa. Usiangalie watu."

Alinitazama akingoja neno jingine, nililijua. Nikamnyanyua kichwa nikamnywesha maji.

Alipofariki, Hamisi alikuja na gari, jeneza la gharama, mchungaji na vijana wenye fulana za kufanana. Alizungumza vizuri, kwa upole, kama msomi. Alisema baba yake dakika za mwisho angeweza kumpokea Bwana, nani ajuaye, na kwamba Dar watamzika kwa heshima kubwa. Watu waliitikia kwa vichwa. Sitajifanya malaika: kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Mwacheni achukuliwe. Mwacheni naye ageuzwe, alazwe asikotaka, aimbiwe asichokijua. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na hakuna mtu Bigwa nzima ambaye angenilaumu. Nilikaa na furaha hiyo kidogo. Ilikuwa tamu, nami nawaambia ukweli wangu.

Kisha nikajisikia nauliza, kwa sauti niliyoijua si yangu, "Nani amemsikia marehemu?"

"Dada, hilo halina haja ya..." Hamisi akaanza.

"Sijauliza haja. Nimeuliza nani amemsikia. Mimi nimemsikia. Anazikwa hapa, Kiislamu, leo."

Hamisi akalia. Nilimwonea huruma, maana naye alikuwa anampenda baba yake, na kwa mila zetu yeye ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mgeni jamvini. Nilimpa maji, kama alivyopewa Baba.

Alasiri nilipanda mpaka nyuma ya migomba na kusimama pale pale nilipojificha zamani. Hakuna aliyenifukuza. Kaburi lilichimbwa kufuata ubavu wa mlima, sambamba na la Mama. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Alichokuwa anadai kwangu ni haki yake, hicho nilikuwa nacho.

Mzee Maganga alishatangulia siku nyingi. Aliyeruka kaburini safari hii ni mjukuu wake, kijana mwenye maneno, akalala chali akaanza kututukana Waluguru wote mmoja mmoja mpaka watu wakaanza kuvunjika mbavu. Mwisho akaniona kwenye migomba.

"Shangazi!" akaniita toka shimoni. "Huyu mzee wako miguu yake tuielekeze wapi? Usije ukatulaumu kesho!"

Wakacheka. Nikangoja wamalize, wote, mpaka wa mwisho.

"Sokoni," nikasema. "Ndivyo alivyotaka mwenyewe."